Kukatwa asilimia ya mauzo au rejesho la kila siku: karatasi mbili juu ya kaunta moja

Mtu na wifi yake waliingia dukani kwangu hapa Kabwe, Mbeya, jioni moja, mvua ikiwa imetukusanya wote ndani, wakaniwekea karatasi mbili juu ya kaunta, katikati ya tairi na makopo ya oili. Mmoja anauza mchele soko la Soweto, mwenzake ana saluni Mafiati. Kila mmoja anataka mtaji wa shilingi 2,000,000, na kila mmoja ameambiwa atarudisha 2,400,000. Karatasi ya kwanza inasema utakatwa asilimia 10 ya kila mauzo yanayopita kwenye Lipa Namba, ile namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu, mpaka deni liishe. Ya pili inasema utaleta 20,000 kila siku ya kazi, siku 120.

"Kaka, si ni kitu kilekile?" akauliza wa mchele. "Mimi nauza laki mbili kwa siku. Asilimia kumi ya laki mbili si elfu ishirini?"

Mimi nauza vipuri vya bodaboda, benki naingia kama mteja tu. Ila niliwahi kubanwa na rejesho la kila siku mpaka nikajifunza hesabu kwa lazima, na tangu hapo majirani huniletea makaratasi yao kabla ya kusaini (wengine baada ya kusaini, na hao ndio wananiumiza kichwa). Nilimjibu kwamba ni kitu kilekile siku ile unapouza laki mbili. Ukiuza pungufu, ukiuza zaidi, au usipofungua kabisa, hizo ni karatasi mbili tofauti.

Karatasi ya kwanza: anayekupa fedha ananunua mauzo yako ya kesho

Mtindo huu ulianza kushika huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye maduka na migahawa inayolipwa kwa kadi. Mwenye fedha hakuambii "nakukopesha". Anakuambia "nanunua sehemu ya mauzo yako yajayo". Anakupa milioni mbili leo, wewe unamuuzia mauzo ya kesho yenye thamani ya milioni mbili na laki nne. Mteja akilipa, mfumo unamega sehemu yake kabla wewe hujaiona. Hapa kwetu mashine ya kadi ni ya hoteli na supamaketi, lakini Lipa Namba imebandikwa hadi kwenye toroli la ndizi, na kazi inayofanya ni ileile: inajua umeuza kiasi gani, na inaweza kukata.

Aliyezoea Songesha ya M-Pesa hatashangaa. Salio likipungua unasongeshewa, fedha ikiingia inakatwa yenyewe. Tofauti ni ukubwa wa fedha, na kwamba kwenye karatasi hii makato hupanda na kushuka na mauzo.

Kuna mambo mawili ya kutafuta kwenye karatasi kama hii. La kwanza ni kizidisho. Hutaona neno riba, utaona 1.2 au 1.3. Zidisha na kiasi unachopewa, ndicho utakacholipa: 2,000,000 mara 1.2 ni 2,400,000. La pili ni asilimia ya makato, yaani sehemu ya kila mauzo inayokwenda kwao. Watu hushikilia la kwanza na kulisahau la pili, wakati kwa mfanyabiashara wa mchele la pili ndilo linaloua.

Karatasi ya pili: tunayoijua

Hii haihitaji maelezo mengi mtaani. Rejesho halibadiliki, afisa mikopo anapita jioni na daftari, au unatuma mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili. Ikiwa ya kikatili inaitwa kausha damu, na kila mtu Mbeya ana ndugu aliyebebewa kochi na televisheni kwa sababu yake.

Yangu niliichukua mwezi wa kumi na mbili, nikidhani sikukuu zitanibeba. Sikukuu zilinibeba kweli. Januari ikaja na ada za shule, wakulima wote fedha yao iko kwenye mbolea, bodaboda anafunga mnyororo kwa waya badala ya kununua mpya. Mauzo yalishuka nusu. Rejesho halikushuka hata shilingi. Nikaanza kulipa kwa fedha ya kununulia mzigo, rafu zikabaki wazi, na rafu zikiwa wazi mteja anapita moja kwa moja kwa jirani. Taasisi yenyewe siitaji, haikunidanganya: kila kitu kilikuwa kwenye karatasi, mimi ndiye sikuisoma kwa macho ya Januari.

Tuziweke ubavu kwa ubavu, kwa duka lililozoea kuuza 200,000 kwa siku, tukichukulia mauzo yote yanapita kwenye Lipa Namba:

| Mauzo ya siku | Asilimia 10 ya mauzo | 20,000 kila siku |
|---|---|---|
| 200,000 | unakatwa 20,000, deni linaisha siku 120 | 20,000, siku 120 |
| 100,000 | unakatwa 10,000, siku 240 | 20,000, ambayo sasa ni asilimia 20 ya mauzo |
| 300,000 | unakatwa 30,000, siku 80 | 20,000, siku 120 |
| Hujafungua, una msiba Tukuyu | hukatwi kitu | 20,000, au faini |

Ukiishia hapo utasema karatasi ya kwanza ni ya kistaarabu, na huyu dada wa mchele alikuwa ameshafika hapo. Nikamwomba aniambie kitu kimoja: kilo ya mchele ananunua ngapi na anauza ngapi.

Wanakata mauzo, hawakati faida

Akasema mchele wa Mbarali kwa wiki ile anaupata 2,400 na anauuza 2,700. Kwa hiyo kila kilo inamwachia 300. Asilimia 10 ya 2,700 ni 270. Anabaki na shilingi 30 kwa kilo, na kutoka kwenye hizo 30 atoe ushuru wa soko, kibarua wa kubeba, mifuko, nauli ya daladala na ugali wa nyumbani.

Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua simu yake akapiga hesabu ile ile upya, kwa sababu hakuamini.

Wifi yake wa saluni alikuwa anatabasamu bila kujua kwa nini. Yeye kusuka kichwa kimoja anatoza 15,000, rasta na mafuta vinakula 4,000, anabaki na 11,000. Asilimia 10 ya 15,000 ni 1,500. Anabaki na 9,500. Makato yaleyale ya asilimia 10 yanameza sehemu tisa kati ya kumi za faida ya mchele, lakini faida ya saluni hayaifikii hata sehemu moja na nusu kati ya kumi. Mama lishe yuko katikati: sahani ya 3,000, mchele na maharage na mkaa vimekula 1,900, kinabaki 1,100, makato 300.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kampuni na kampuni, linganisha asilimia ya makato na faida ya bidhaa yako. Biashara ya jumla, nafaka, sukari, vocha, saruji, vinywaji vya kreti, zote zinaishi kwa faida nyembamba na mzunguko wa haraka. Huko asilimia 10 ya mauzo ni kisu. Ufundi, saluni, ushonaji, chakula cha kupika, fremu za picha, huko kisu kilekile kinakwaruza tu.

Kuna mtu atanipinga, na hoja yake ina uzito: milioni mbili zikiingia kwenye mchele zinazunguka. Ukinunua kwa 2,400 na kuuza 2,700, kila mzunguko wa milioni mbili unazaa 250,000. Ukizungusha kila wiki, kwa wiki ishirini umepata milioni tano, laki nne za kizidisho ni kitu gani? Sawa, ikiwa mtaji mpya unaongeza mauzo kweli, na ikiwa mzunguko ni wa wiki. Ila tazama mambo mawili. Makato hayaangalii mauzo mapya peke yake, yanakata na yale ya zamani ambayo ungeyapata bila mkopo. Na kila siku fedha inatoka, kwa hiyo milioni mbili hukai nayo. Baada ya siku sitini umesharudisha milioni moja na laki mbili. Unazungusha mtaji unaoyeyuka.

Na mwenye nia ya kununua mpunga wakati wa mavuno, Juni au Julai, aufiche mpaka Februari bei ipande, asiguse karatasi yoyote kati ya hizi mbili. Rejesho linaanza kesho yake, mpunga umelala ghalani. Fedha ya kuhifadhia mazao inataka mkopo unaolipwa mara moja mwisho wa msimu. Vilevile mfanyabiashara wa viazi wa Isyonje au wa parachichi Njombe anayepokea fedha kubwa mara mbili kwa mwaka: mauzo yake hayana "kila siku" ya kukatwa.

Ukiuza sana, fedha yao inakuwa ghali zaidi

Hili ndilo gumu kumweleza mtu. Kwenye karatasi ya kwanza, 400,000 ni ileile ukilipa kwa siku 80, 120 au 240. Sasa fedha uliyokaa nayo muda mfupi ukailipia ada ileile, ni ghali kuliko uliyokaa nayo muda mrefu. Nimepiga hesabu ya deni linavyopungua siku kwa siku, kwa siku 26 za kazi kwa mwezi: ukimaliza kwa siku 120, ni kama umelipa riba ya asilimia 8 hivi kwa mwezi. Ukiuza vibaya ukafika siku 240, inashuka hadi asilimia 4. Ukiuza vizuri ukamaliza siku 80, umelipa kama asilimia 12 kwa mwezi.

Mkopo wa kawaida unakwenda kinyume. Ukipata fedha ukalipa mapema, riba inapungua. Hapa ukilipa mapema umewafurahisha wao tu, labda mkataba utamke kwamba kuna punguzo la kumaliza kabla ya wakati. Uliza swali hilo kabla ya mengine yote: "Nikimaliza deni mwezi wa pili, nalipa ngapi?" Akijibu "ileile", usiwe na haraka ya kumaliza, acha likatwe lenyewe, fedha ya ziada tia kwenye mzigo.

Sasa weka pembeni mkopo wa milioni mbili wa miezi mitano, mtaji unarudishwa laki nne kila mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, chini ya utaratibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa asilimia 3.5 ya deni lililobaki, riba yote ni 210,000. Ikihesabiwa juu ya mtaji wote kila mwezi bila kujali umeshalipa, inakuwa 350,000, ingawa mikataba yote miwili imeandikwa 3.5. Na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1.5 ya deni lililobaki itakula 90,000. Linganisha na 400,000.

Halafu kuna fedha inayokatwa mlangoni. Karatasi ya dada wa saluni ilikuwa na ada ya maombi na bima, jumla 100,000, inayotolewa kabla hajapokea. Mkononi anapata 1,900,000, kizidisho kinahesabiwa juu ya 2,000,000. Gharama yake halisi ni laki tano kwa fedha pungufu ya milioni mbili. Huwa nawaambia watu wasiniambie wamekopa ngapi, waniambie wametoka na ngapi mkononi.

Lipa Namba inaona nini, haioni nini

Dada wa mchele anauza laki mbili, lakini wateja wake wengi wa Soweto ni mama zetu wa Iyunga na Uyole wanaotoa noti kwenye kanga. Kwenye Lipa Namba zinapita labda elfu sitini. Mwenye fedha anaangalia elfu sitini hizo. Asilimia 10 yake ni 6,000 kwa siku, na 2,400,000 kwa mwendo huo ni siku 400. Hakuna atakayekubali. Kwa hiyo atafanya moja kati ya haya: atakupa fedha kidogo, atapandisha asilimia hadi 30, au ataweka kiwango cha chini cha kulipa kila kipindi. Hata kampuni kubwa hufanya hilo la mwisho. PayPal, kwenye mpango wake wa mtaji ulioanza 2013, hukata asilimia ya mauzo lakini kila siku 90 lazima uwe umerudisha kiasi fulani cha chini, uwe umeuza au hujauza.

Ukikuta kiwango cha chini kwenye mkataba, jua umepewa karatasi ya kwanza iliyovaa nguo za karatasi ya pili. Angalia ni kikubwa kiasi gani. Kikiwa karibu na 20,000 kwa siku, ile nafuu ya Januari hakuna.

Kuna ujanja ambao kila mtu anaufikiria baada ya dakika tano: "Nitawaambia wateja watume kwenye namba yangu ya kawaida." Najua. Kwenye mkataba wa kuuza mauzo yajayo, kuyapitisha mauzo pembeni ni kosa kubwa kuliko kuuza kidogo. Ukiuza kidogo hujavunja kitu. Ukikwepesha mauzo umevunja mkataba, na hapo ndipo dhamana na mdhamini wanapoitwa. Tena ukikwepesha, historia ya Lipa Namba inaonekana nyembamba, na mwakani ukitaka fedha popote utapimwa kwa historia hiyo.

Soko likiungua

Sisi wa Mbeya swali hili si la kufikirika. Soko la Mwanjelwa liliteketea Desemba 2006, na Agosti 2017 likaungua lile la SIDO. Watu walipoteza mizigo waliyoinunua kwa mkopo, na mikopo haikuungua pamoja na mizigo.

Kwa maandishi, hapa ndipo karatasi ya kwanza inaishinda ya pili kwa mbali. Kama mtu amenunua mauzo yako yajayo na mauzo yamekufa kwa moto bila hila yako, ni yeye aliyenunua kitu ambacho hakikutokea. Huko Marekani wakopeshaji waling'ang'ania tofauti hiyo, kwa sababu kama ni ununuzi na si mkopo, sheria za ukomo wa riba haziwahusu. Mahakama za New York zikazoea kuuliza mambo matatu: je, makato yanaweza kurekebishwa mauzo yakishuka? Je, kuna tarehe ya mwisho ya kumaliza? Biashara ikifilisika, wanaweza kukufuata? Kama hakuna marekebisho, tarehe ya mwisho ipo, na wanakufuata hadi nyumbani, basi ni mkopo hata ukiitwa jina gani.

Nayapenda maswali hayo matatu, maana yanafaa hata kwenye kaunta ya vipuri Kabwe. Wenzetu wa huko walikuwa na balaa jingine: kusainishwa hati ya kukiri deni mapema, ili mkopeshaji akienda mahakamani hakuna kesi ya kusikiliza. New York ilibana hilo mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wa nje ya jimbo. California nayo, kwa sheria ya 2018 iliyoanza kufanya kazi kwenye Desemba 2022, inawalazimisha watoaji kuonyesha gharama kama asilimia ya mwaka, ili kizidisho cha 1.2 kisijifiche kwenye udogo wake. Hapa tuna hati zetu za kufanana na ile: fomu iliyosainiwa na tarehe haijajazwa, hati ya kiwanja "kwa ajili ya kumbukumbu tu". Usimwachie mkopeshaji hati hizo.

Na wale wa Kagera wanaijua biashara ya kuuza mauzo ya kesho kuliko sisi. Wanaiita butura: mkulima anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya mwenye shida. Serikali imeipiga vita miaka mingi. Naisema kwa sababu kubadilisha jina la mkopo liwe ununuzi hakuufanyi uwe mwepesi, inategemea aliyeuza alikuwa na njaa kiasi gani.

Kwa upande wetu, angalia leseni kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Tawi la Benki Kuu lipo hapahapa Mbeya, kuuliza ni bure. Mtu asiye na leseni hawezi kukusaidia mkataba ukigombaniwa, na mara nyingi ndiye atakayewatumia ndugu zako wote ujumbe wa kukudhalilisha.

Simu ya nyongeza

Ukifika nusu ya deni, simu italia: "Hongera mteja wetu, umestahili nyongeza." Tuseme umebakiza 1,200,000. Wanakupa tena 2,000,000 kwa kizidisho cha 1.2. Ile 1,200,000 inakatwa hapohapo, unapata 800,000 mkononi, na unadaiwa 2,400,000 upya. Umelipia 400,000 kupata 800,000. Tena ndani ya ile 1,200,000 kulikuwa na laki mbili za ada ya zamani, na sasa umetozwa ada nyingine juu yake. Nimeona duka zuri la nguo likiisha kwa nyongeza nne, mwenyewe akiwa hajawahi kuchelewa hata siku moja. Kwenye rejesho la kila siku mchezo ni uleule.

Wengine waliosimama pembeni

Vikoba hawana kasi, lakini riba unayolipa inarudi kwenye mgao siku ya kuvunja kikoba, na wewe ni mmoja wa wanaogawana. Kwa 2,000,000 si kila kikundi kina ubavu. SACCOS ni nafuu kuliko karatasi zote mbili ikiwa wewe tayari ni mwanachama na una akiba. Ukijiunga leo kwa sababu una shida leo, umechelewa.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), hauna riba kabisa. Unahitaji kikundi kilichosajiliwa na subira. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Asiye na muda wa kusubiri aende kwingine, lakini mwenye muda asiupite, wanawake wa Mbeya mnauacha mezani.

Mali kauli ndiyo ndugu wa damu wa karatasi ya kwanza, na imekuwapo kabla ya simu. Mwenye mzigo wa jumla anakupa gunia, ukiuza unampelekea. Bei inapanda kidogo: gunia la 220,000 taslimu utalilipia 228,000 ukilipa baada ya wiki. Elfu nane inaonekana ndogo, ila ni zaidi ya asilimia 3.5 kwa wiki moja, kwa hiyo usijidanganye kwamba ni ya bure. Uzuri wake ni kwamba inakoma siku unayotaka. Hujauza, unarudisha gunia, mnaagana na uso uko palepale.

Nilivyowaambia

Dada wa saluni nilimwambia achukue karatasi ya kwanza, kwa masharti mawili: kama mkataba una kiwango cha chini, kiondolewe au kishuke hadi 8,000 kwa siku, na atumie fedha kununua viti viwili na draya, vitu vinavyoingiza kila siku, asiichanganye na kodi ya nyumba. Faida yake ni nene, wateja wake vijana wanalipa kwa simu, na Januari saluni hulala kama duka langu. Rejesho la 20,000 lingemuumiza mwezi huo. Makato yatashuka mauzo yake yakishuka.

Wa mchele nilimwambia karatasi zote mbili si zake. Kama lazima achague kati ya hizo, ya pili, kwa kiasi kidogo, laki tano kwa mfano, kwa sababu kwa mtu wa faida nyembamba ni bora kujua shilingi kamili inayotoka kila jioni kuliko kukatwa kwenye kila kilo. Lakini kwanza aende SACCOS ya sokoni kwao, ambayo alikuwa amejiunga mwaka juzi na kuacha kuweka akiba, na kwa mzigo wa wiki aendelee na mali kauli.

Hakupenda. Aliuliza kama wale wa karatasi ya kwanza wanaweza kumkata asilimia 4 badala ya 10. Tukapiga: 4 ya 2,700 ni 108, anabaki na 192 kwa kilo. Kwa mauzo yote ya laki mbili ingekuwa 8,000 kwa siku, siku 300. Kwake ingewezekana kabisa. Akawapigia palepale dukani, spika imewashwa, mvua imepungua. Yule kijana upande wa pili alisema swali hilo hajawahi kuulizwa, atamuuliza bosi wake, atampigia kesho.

Ni wiki ya pili sasa. Wa saluni ameshanunua viti. Wa mchele bado anasubiri simu.